Jinsi ya Kudumisha Matoleo ya Programu kwa Kompyuta za Biti 32

Kompyuta yenye prosesa ya biti 32 haiachi kufanya kazi siku ambayo watengenezaji wakubwa wa programu wanaamua kuiacha. Windows 11 haikupata kabisa toleo la biti 32, na Windows 10, iliyokuwa ya mwisho kuwa nalo, ilifikia kikomo cha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa Linux, Debian 13 iliyotolewa Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) kwa ajili ya i386, jina la kawaida la kompyuta za biti 32 za aina ya Intel, na Firefox iliacha kutengenezwa kwa Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145 la mwaka huohuo. Mashine zenyewe, hata hivyo, bado zimewashwa katika ofisi za vijiji, maabara za shule na steshenari, hasa Afrika Mashariki ambako kompyuta nyingi huingia zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Mwenye programu ambayo watu wa namna hiyo wanaitegemea hana tena mtu wa kumfanyia kazi ya kuijenga upya. Ni lazima aifanye mwenyewe.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa programu ya mezani iliyoandikwa kwa C au C++, pengine ikiwa na sehemu za Rust au Go, anayetaka kuendelea kuitoa kwa Linux ya i386. Kinachochosha katika kazi hii si kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa), kwa kuwa GCC, kompaila ya kawaida kwenye Linux, bado inazijua prosesa hizo vizuri kabisa. Kinachochosha ni kwamba mahitaji ya prosesa hupanda kimyakimya kupitia vitu ambavyo msimamizi hakuviandika: maktaba aliyoichukua mahali pengine, lugha iliyobadili kigezo chake cha msingi, au mfumo alioutumia kujengea. Karibu kila hatua inayofuata hapa ni njia ya kuuzuia upandaji huo au kuugundua kabla mtumiaji hajaugundua.

Kuamua kiwango cha chini na kukiandika

Jina i386 linadanganya. Kerneli ya Linux yenyewe iliacha kuiunga mkono prosesa ya 386 katika toleo la 3.8, na leo jina hilo limebaki kuwa la usanifu mzima wa biti 32 wa Intel bila kueleza ni prosesa ipi hasa inayotakiwa. Kwa hiyo kusema tu kwamba programu inatumia i386 hakumwambii mtumiaji lolote. Inafaa kuchagua moja kati ya viwango vitatu vifuatavyo.

Kiwango cha kwanza ni i686 (prosesa za biti 32 za kizazi cha Pentium Pro na baada yake) bila SSE2, yaani bila seti ya pili ya maagizo ya ziada ya kuharakisha hesabu. Hapa wanaingia Pentium III pamoja na Athlon XP ya AMD, ambazo zina maagizo ya SSE ya kwanza lakini hazina SSE2. Kiwango cha pili ni i686 yenye SSE2, kinachoanzia Pentium 4 ya mwaka 2000 na kuendelea hadi Pentium M, Core Duo ya mwaka 2006, na Atom N270 ya mwaka 2008 iliyojaa katika laptop ndogo za wakati ule. Kiwango cha tatu, ambacho ni wachache wanaokihitaji, kipo chini ya vyote viwili: ni prosesa ambazo zina karibu kila kitu cha i686 lakini zinakosa agizo refu la NOP (agizo lisilofanya chochote), kama vile Geode LX ya AMD. Geode LX ndiyo iliyokuwa ndani ya laptop za XO-1 za mradi wa One Laptop per Child, ambazo baadhi yake zilifika katika shule za msingi za Rwanda.

Ushauri wangu ni kuchagua kiwango cha pili isipokuwa kama kuna watumiaji wanaojulikana walio chini yake. Mashine zisizo na SSE2 zimebaki chache, kumbukumbu yake mara nyingi haizidi megabaiti 512, na gharama ya kuzihudumia ni kubwa kwa sababu mfumo mzima wa programu huria ulikwisha kuhama. Firefox iliacha prosesa zisizo na SSE2 kwenye Linux tangu toleo la 53 mwaka 2017. Chrome ilipanda zaidi katika toleo la 89 la mwaka 2021 ikaanza kudai SSE3, na kwa kuwa Electron na Qt WebEngine, zana za kutengenezea programu za mezani kwa teknolojia ya tovuti, zote zimejengwa juu ya Chromium, msimbo huria wa Chrome, programu yoyote inayozitegemea ilipoteza Pentium III zamani bila msimamizi wake kuulizwa. Mwenye programu ya aina hiyo aache kabisa wazo la kiwango cha kwanza. Mwenye programu ya GTK au ya maktaba nyepesi zaidi bado ana uhuru wa kuchagua.

Uamuzi ukishafanyika, uandikwe katika ukurasa wa kupakulia, kwa maneno ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyathibitisha kwenye mashine yake. Amri ifuatayo inatosha kumjibu:

grep -m1 -ow sse2 /proc/cpuinfo

Ikitoa neno sse2, mashine inafaa. Isipotoa kitu, haifai. Jibu hilo ni rahisi kwake kuliko kutafuta jina la prosesa na kujiuliza ni ya mwaka gani.

Mazingira ya kujengea

Usiijenge programu kwenye mashine ya zamani yenyewe. Wapo wanaoamini kwamba huo ndio uthibitisho wa uaminifu, lakini kinachopatikana ni saa nyingi za kusubiri na mara nyingi kushindwa mwishoni kabisa. Mchakato wa biti 32 hauwezi kufikia zaidi ya gigabaiti 4 za anwani, na chini ya kerneli ya biti 32 kwa kawaida hubakiwa na gigabaiti 3 tu. Kiunganishi, yaani zana inayounganisha vipande vilivyotoka kwenye kompaila kuwa faili moja, kikiunganisha programu kubwa ya C++ yenye taarifa za utatuzi kinaweza kuimaliza nafasi hiyo hata kama diski ina nafasi tele ya kubadilishana kumbukumbu, kwa kuwa kinachokwisha ni anwani, wala si kumbukumbu.

Mahali pazuri ni kompyuta ya biti 64 yenye mazingira yaliyotengwa ya Debian 12, toleo la mwaka 2023, ambayo ndiyo ya mwisho ya Debian kuhesabu i386 kuwa usanifu kamili. Mazingira hayo hutengenezwa hivi:

sudo debootstrap --arch=i386 bookworm /srv/jenga-i386 http://deb.debian.org/debian

sudo setarch i686 chroot /srv/jenga-i386 /bin/bash

Neno setarch katika amri ya pili lisidharauliwe. Bila hilo, amri ya uname iliyo ndani ya mazingira itaendelea kujibu x86_64, kwa sababu kerneli inayoendesha ni ya biti 64, na hati nyingi za usanidi zitaamini jibu hilo na kuchagua msimbo wa asembli usiofaa.

Programu ikiwa kubwa mno, ndani ya mazingira hayo kiunganishi bado ni cha biti 32 na kikwazo cha anwani kinarudi, ingawa chini ya kerneli ya biti 64 mchakato hupata karibu gigabaiti 4 zote. Njia mbili zinasaidia. Ya kwanza ni kupunguza mzigo: taarifa za utatuzi zishushwe hadi -g1, na kiunganishi kipewe -Wl,--no-keep-memory. Ya pili, ambayo ni bora, ni kutumia Debian 12 ya biti 64 pamoja na kifurushi cha crossbuild-essential-i386, ili kompaila na kiunganishi viwe vya biti 64 huku wanachokitoa kikiwa cha biti 32. Maktaba za i386 husakinishwa pembeni kwa utaratibu wa Debian wa kuweka usanifu zaidi ya mmoja katika mfumo mmoja.

Kwa nini isiwe Debian 13? Bado ina hazina ya vifurushi vya i386, lakini imeiweka kwa ajili ya kuendeshea programu za zamani kwenye prosesa za biti 64, na vifurushi hivyo sasa vinadai SSE2. Mwenye kiwango cha kwanza akiunganisha maktaba moja tu kutoka huko kwa njia tuli (nakala yake ikiingizwa ndani ya programu), ameshapoteza kiwango chake. Hata aliyechagua kiwango cha pili ana sababu ya kubaki Debian 12, na sababu hiyo ni glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux. Programu iliyojengwa kwa glibc mpya huweza kukataa kuwaka kwenye mfumo wenye glibc ya zamani, wakati kinyume chake kwa kawaida hufanya kazi. Debian 12 ina glibc 2.36, Debian 11 ina 2.31 na Debian 10 ina 2.28, kwa hiyo jenga ndani ya mfumo wa zamani zaidi ambao watumiaji wako bado wanao. Amri hii inaonyesha ni matoleo gani ya glibc ambayo faili tekelezi inayadai:

objdump -T programu | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu

Mstari wa mwisho wa matokeo ndio unaoamua.

Vigezo vya kompaila, na mahali SSE2 inapojificha

Kwa kiwango cha kwanza, vigezo vya msingi vya C na C++ ni -march=i686 -mtune=generic. Kwa kiwango cha pili, ongeza -msse2 -mfpmath=sse. Anayelenga Geode LX aongeze pia -fcf-protection=none, kwa sababu kinga ya mtiririko wa programu inayowashwa na baadhi ya wasambazaji wa Linux huweka mwanzoni mwa funksheni agizo la endbr32, ambalo prosesa nyingi za zamani hulipita kama agizo tupu lakini Geode LX hulikataa na kuiua programu papo hapo. Sehemu ya -march=native isionekane mahali popote katika faili za ujenzi; tafuta neno hilo hata ndani ya maktaba ulizozinakili, kwa kuwa waandishi wengi huliweka ili kuongeza kasi kwenye mashine zao wenyewe.

Rust ina mtego wake. Lengo linaloitwa i686-unknown-linux-gnu, licha ya jina lake, huchukulia prosesa kuwa Pentium 4 na hutoa SSE2 bila kuuliza. Asiye na SSE2 atumie lengo jingine:

rustup target add i586-unknown-linux-gnu

cargo build --release --target i586-unknown-linux-gnu

Go nayo, tangu toleo la 1.16, iliondoa njia ya kutumia kikokotoo cha zamani cha x87. Waliobaki chini ya SSE2 wana chaguo moja tu, GO386=softfloat, ambalo hufanya hesabu zote za desimali kwa programu na hivyo huwa la polepole mno. Ikiwa sehemu ya Go inahesabu kwa wingi, pengine ni nafuu kuiandika upya kwa C kuliko kumsubirisha mtumiaji.

Sasa tuje kwenye tatizo linalowasumbua hata wenye uzoefu. Msimamizi mwangalifu huamua kwamba programu yake itakagua prosesa inapoanza, kisha itachagua kati ya funksheni ya kawaida na ile ya haraka yenye SSE2. Anaiweka funksheni ya haraka katika faili yake peke yake, anaijenga faili hiyo kwa -msse2, na faili nyingine zote anaziacha bila kigezo hicho. Kwa C utaratibu huo ni salama. Kwa C++ si salama hata kidogo, kwa sababu faili ile ya haraka huenda inatumia std::vector, std::max au templeti nyingine yoyote, na kompaila huzalisha nakala ya kila templeti ndani ya kila faili inayoitumia. Wakati wa kuunganisha, nakala moja tu hubakizwa na nyingine hutupwa. Kiunganishi hakijui kwamba nakala moja ina SSE2 na nyingine haina. Huchukua ile iliyotangulia kufika. Ikitokea kwamba iliyobakizwa ni ile ya faili ya haraka, basi programu nzima, hata sehemu ambazo hazikuguswa, itaanza kutumia maagizo ambayo Pentium III haiyajui. Kibaya zaidi ni kwamba matokeo hutegemea mpangilio wa faili katika amri ya kuunganisha, hivyo toleo moja linaweza kuwa zima na linalofuata likawa limeharibika bila mstari wa msimbo kubadilika.

Tiba yake ni kuiandika funksheni ya haraka kwa C tupu, au kwa C++ isiyoita templeti wala funksheni yoyote iliyoandikwa ndani ya faili za vichwa, na kuipa vielekezi na namba za kawaida tu. GCC pia huruhusu kuweka __attribute__((target("sse2"))) juu ya funksheni moja bila kuigusa faili yote, na kukagua prosesa kwa __builtin_cpu_supports("sse2"). Mimi hupendelea njia hii kuliko kutenganisha faili, kwa sababu kigezo kinakaa mahali msomaji wa msimbo anapoweza kukiona.

Ukaguzi wenyewe wa prosesa usiwekwe ndani ya main ya C++ kwa matumaini kwamba utatangulia kila kitu. Vitu vya jumla vya C++ huundwa kabla ya main kuitwa, na kimoja wapo kikiwa na agizo lisilofaa, programu itakufa kabla ujumbe wako mzuri haujafika kwenye kioo. Kwa anayedai SSE2, hati fupi ya shell inayosoma /proc/cpuinfo, ikitoa maelezo kwa lugha ya mtumiaji na ndipo iite faili tekelezi, inatosha na haiharibiki.

Hesabu, ukubwa wa data na tarehe

Programu iliyojaribiwa kwenye biti 64 pekee hubeba dhana ambazo biti 32 inazikanusha. Aina ya long ni baiti 4 badala ya 8, na size_t vilevile, kwa hiyo kuzidisha upana na urefu wa picha kubwa kunaweza kufurika. Mpangilio wa struct nao hutofautiana: kwenye Linux ya i386, struct yenye int32_t ikifuatwa na int64_t ina ukubwa wa baiti 12, wakati kwenye x86_64 ina baiti 16. Programu inayohifadhi faili zake kwa kumwaga struct nzima kwenye diski itaandika faili ambazo mashine ya jirani haiwezi kuzisoma. Suluhisho ni kuandika kila sehemu peke yake, kwa ukubwa uliotajwa.

Bila SSE2, hesabu za desimali hufanyika katika rejista za x87 zenye biti 80, kisha hukatwa kuwa biti 64 zinapopelekwa kwenye kumbukumbu. Namba ileile inaweza kulinganishwa na nafsi yake na ikaonekana tofauti, kwa sababu nakala moja bado ipo katika rejista na nyingine imekwisha kukatwa. Suala hili ni maarufu kiasi kwamba hitilafu namba 323 katika orodha ya GCC, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekusanya malalamiko yake kwa miaka mingi. Kwa C, kigezo cha -fexcess-precision=standard huliondoa; kwa C++ kigezo hicho kilianza kufanya kazi katika GCC 13 tu, na Debian 12 ina GCC 12. Kwa hiyo aliye katika mazingira tuliyoyaeleza atumie -ffloat-store kwenye faili chache zenye hesabu nyeti, akubali kupoteza kasi kidogo, na arekebishe majaribio yake yasilinganishe desimali kwa usawa kamili. Hapa pana hoja nyingine ya kuchagua kiwango cha pili: kwa -mfpmath=sse tatizo lote hutoweka.

Kuhusu tarehe, time_t (aina ya data inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970) ya biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, na sekunde moja baadaye itasoma Desemba 1901. Asiseme mtu kwamba mashine hizo hazitafika mwaka huo. Programu ya mikopo inayopanga marejesho ya miaka kumi na tano, au ya pensheni, tayari inagusa tarehe zilizo mbele ya hapo. Tangu glibc 2.34 inawezekana kujenga kwa vigezo hivi:

-D_FILE_OFFSET_BITS=64 -D_TIME_BITS=64

Cha kwanza kinahitajika ili cha pili kikubalike, na chenyewe pia huruhusu kufungua faili zinazozidi gigabaiti 2. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa. Debian ilipohamisha usanifu wake mwingine wa biti 32 kwenda kwenye time_t ya biti 64, iliiacha i386 makusudi, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Maana yake ni kwamba maktaba za i386 bado zinatarajia time_t ya baiti 4. Ukiita maktaba inayopokea time_t au struct timeval kutoka kwenye msimbo uliojengwa kwa baiti 8, data itasomwa kombo na hakuna onyo litakalotolewa. Pitia kila maktaba unayoiita, na pale aina hizo zinapovuka mpaka, jenga maktaba hiyo mwenyewe kwa vigezo vilevile, au tumia int64_t ndani ya programu yako na ubadilishe mpakani.

Kuthibitisha kabla ya kutoa

Baada ya kila ujenzi, kagua faili tekelezi pamoja na kila maktaba iliyofungashwa nayo. Kwa kiwango cha kwanza, amri ifuatayo hutafuta maagizo machache ambayo hayapatikani kabla ya SSE2:

objdump -d programu | grep -wE 'movdqa|movdqu|movapd|cvtsi2sd|cvttsd2si|addsd|mulsd|pshufd'

Matokeo matupu ni dalili njema. Yakiwepo, haimaanishi moja kwa moja kwamba kuna kosa, kwa kuwa huenda ni funksheni za haraka ulizoziweka makusudi; linganisha majina ya funksheni na orodha yako. Ukaguzi huu uwekwe ndani ya hati ya ujenzi ili ujenzi wenyewe ukatae kukamilika agizo lisilotarajiwa linapoonekana.

Kisha iendeshe programu. QEMU, programu ya kuigiza kompyuta nyingine, inaweza kuigiza Pentium III, lakini watu wengi huitumia vibaya. Ukiwasha KVM ili mashine pepe iende haraka, maagizo huendeshwa na prosesa halisi ya kompyuta yako. Kuificha SSE2 kwenye orodha ya uwezo hakuizuii programu kuitumia, na jaribio litafaulu kwa uongo. Ni lazima kutumia emuleta kamili, hata kama ni ya polepole:

qemu-system-i386 -accel tcg -cpu pentium3 -m 512 -hda diski.img

Tumia QEMU ya karibuni, na hata hivyo usiifanye kuwa mwamuzi wa mwisho. Mashine moja halisi ya kila kiwango unachokitangaza, ikiwa na diski yake ya zamani na kumbukumbu yake ndogo, itakuonyesha mambo ambayo emuleta haiyaonyeshi: programu inayochukua dakika nzima kuwaka, dirisha lisiloingia katika kioo cha pikseli 1024 kwa 600, au kadi ya picha isiyojua OpenGL unayoidai. Kama huna mashine hiyo na hakuna mtumiaji aliyekubali kukujaribia, usikitangaze kiwango hicho.

Mtumiaji akiripoti kwamba programu inakufa mara tu inapowaka, mwombe vitu viwili kabla ya maswali mengine: maudhui ya /proc/cpuinfo, na mistari ya mwisho ya dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Prosesa ikikutana na agizo isiyolijua, kerneli huandika invalid opcode pamoja na anwani, na anwani hiyo ukiipeleka kwenye gdb, au kwenye matokeo ya objdump, utaliona agizo lenyewe na maktaba lilimotoka. Kwa sababu hiyo hifadhi taarifa za utatuzi za kila toleo ulilolitoa, zikiwa zimetenganishwa kwa objcopy --only-keep-debug, hata kama faili unazosambaza umezipunguza.

Kupanga mwisho

Kuna siku ambayo maktaba muhimu itakataa kabisa kujengwa, au viraka vya usalama vitakuwa vigumu mno kuvirudisha kwenye toleo la zamani. TenFourFox, iliyoendeleza Firefox kwa Mac za PowerPC muda mrefu baada ya Mozilla kuziacha na ikadumu hadi mwaka 2021, ilifikia mwisho wa namna hiyo: pengo kati ya msimbo wake na Firefox mpya lilizidi kupanuka hadi kazi ya kulifuata ikawa kubwa kuliko watu waliokuwapo. Kwa programu inayofungua data kutoka kwenye intaneti, mwisho huo utangazwe mapema na kwa tarehe, kwa sababu toleo lisilo na viraka ni hatari kwa anayeliamini. Kwa programu ya kuandikia stakabadhi au kuchapa barua, hatari hiyo ni ndogo, na toleo la mwisho linaweza kutumika kwa miaka mingi.

Toleo hilo la mwisho liandaliwe likijua kwamba hakuna litakalofuata. Hifadhi pamoja msimbo chanzo, vyanzo vya kila maktaba iliyofungashwa, na nakala ya mazingira yote ya /srv/jenga-i386 katika faili moja ya tar, kwa kuwa hazina ya vifurushi ya leo haitakuwa na maudhui yaleyale baadaye. Zima ukaguzi wa masasisho ndani ya programu, la sivyo itaendelea kuita seva isiyokuwapo kila inapowaka. Ufunguo uliotia saini hazina yako ya vifurushi usiwe na tarehe ya kuisha iliyo karibu, maana apt itazikataa faili halali kwa sababu ya ufunguo uliokwisha. Mwisho, faili ziwekwe pia mahali zinapoweza kupakuliwa kwa HTTP ya kawaida pamoja na saini ya kidijitali ya kuzithibitisha: cheti cha msingi cha DST Root CA X3 kilipokwisha muda tarehe 30 Septemba 2021, vifaa vingi vya zamani vilishindwa kufungua tovuti zilizotegemea vyeti vya shirika la Let's Encrypt kwa HTTPS, na kompyuta unazozihudumia ndizo za kwanza kukumbwa na jambo kama hilo likitokea tena.